KAMIO ISIYO NA PAA: SHOFERE MBELE YA UPEPO, MVUA NA MOSHI

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayemngoja nyumbani, tusikilizane kidogo. Wakati wa baridi umeingia. Saa kumi na moja ya alfajiri, pale watu wa zamu ya kwanza wanapotoka, mvuke unatoka kinywani kama moshi wa sigara. Ukurasa wetu ungeweza kurudia maneno ya kila mwaka: vaa sweta, kunywa chai ya moto. Lakini mtu mzima akiambiwa neno lile lile kila Juni, mwisho halisikii tena. Kwa hiyo leo tutapita njia nyingine. Tutazungumza juu ya kamio za jeshi za zamani, zile zisizo na chumba cha chuma cha shofere. Gari hizo ni mwalimu mzuri wa afya, kwa sababu ndani yake shofere hana pa kujificha. Linalompata pale linaonekana wazi, na ndilo hilo hilo linalompata mwenye pikipiki, mtu wa trakta, na wewe unayepanda nyuma ya gari kwenda kazini.

Gari ninayoitaka hasa ni GMC ya tani mbili na nusu, ile ya ekseli tatu ambazo zote zinavuta. Ilitengenezwa Marekani tangu 1941 mpaka 1945, na hesabu yake inapita 500,000. Mwanzoni ilikuwa na chumba cha chuma, milango na vioo, kama kamio yoyote. Katika 1943 wakabadilisha. Juu wakaweka turubai, ile tunayoiita bashi. Ubavuni mapazia ya turubai. Kioo cha mbele kikawa cha kukunjika. Kwa nini? Chuma kilitakiwa kwa mambo mengine ya vita, na gari inayoweza kushushwa kichwa inachukua nafasi ndogo ndani ya meli. Tena juu ya baadhi ya gari hizo ilifungwa duara ya chuma ya kushika bunduki ya rashasha. Tazama vizuri sababu hizo: hakuna hata moja iliyofikiri mabega ya shofere. Hata mashine ya kupasha joto chumba haikuwamo kwa kawaida.

Na kazi waliyopewa mashofere haikuwa mchezo. Tangu 25 Agosti mpaka 16 Novemba 1944, huko Ufaransa, walibeba esansi, risasi na chakula mchana na usiku nyuma ya majeshi yaliyokuwa yanawafukuza Wajerumani. Njia hiyo waliiita Red Ball Express. Karibu robo tatu ya mashofere wake walikuwa Wamarekani weusi. Siku za kazi nyingi, gari karibu 6,000 zilikuwa barabarani. Walianza chini ya jua la kiangazi cha Ulaya, wakamaliza ndani ya mvua na matope ya Novemba. Katika baridi iliyofuata, makumi ya maelfu ya askari wa Marekani huko Ulaya waliingia hospitali kwa sababu ya miguu iliyoharibiwa na baridi na maji, bila risasi hata moja kuwagusa.

Upande wa Asia adui alikuwa mvua. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walishuka bonde la Kabaw huko Burma katikati ya mvua kubwa za majira. Njia ilikuwa tope tupu. Watu wetu pia wanahusika: hospitali ya jeshi iliyotoka Congo, iliyoongozwa wakati ule na Wabelgiji, ilifika mpaka Burma, na wauguzi Wakongo walitibu majeruhi na wagonjwa kule. Mimi mtu wa dispensari ninawafikiria sana wale. Bendeji inayokauka kwa shida, mgonjwa anayelala chini ya turubai linalodondosha maji. Wengi kati yetu hatukufundishwa habari yao shuleni.

Leo gari zile zingali hai. Katika Ufaransa, Uingereza, Ubelgiji, Marekani na kwingine kuna watu wanaozitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa baba yake. Kila Juni wengine wanazipeleka Normandy, mahali ambapo majeshi yalishuka pwani tarehe 6 Juni 1944. Mwaka 2024, kwa miaka 80 ya siku ile, walikuja kwa wingi. Mtu wa miaka sitini anaketi saa nyingi nyuma ya volani, bila mlango, gari ikienda kilomita 60 au 70 kwa saa, maana haiwezi zaidi. Mvua ya Normandy haiangalii kalenda. Watu hao wamejifunza namna ya kujilinda, na wengine wamejifunza kwa hasara.

UPEPO KWANZA, BARIDI BAADAYE

Shofere mpya anauliza: leo kuna digri ngapi? Swali lake ni nusu tu. Nusu ya pili ni: gari itakwenda mwendo gani? Mwili wako unatengeneza ukoko mwembamba wa hewa ya joto juu ya ngozi. Ukisimama mahali patulivu, ukoko huo unakaa. Upepo ukija, unauondoa, na mwili unatengeneza mwingine, na upepo unauondoa tena. Unapoteza joto kama ndoo iliyotoboka.

Wataalamu wa Kanada na Marekani waliweka hesabu mpya ya jambo hilo mwaka 2001. Ukiifuata, asubuhi ya digri 8, na upepo wa kilomita 50 kwa saa usoni, ngozi yako inapoa kana kwamba ni digri 3. Digri 5 inakuwa kama digri 1 chini ya sifuri. Digri sifuri ya kweli inakuwa kama digri 8 chini yake. Lubumbashi katika Julai alfajiri ya digri 7 au 8 si ajabu. Basi mwenye pikipiki anayetoka Kenya kwenda mjini (nasema ile komuni yetu ya Kenya, si inchi) saa kumi na moja na nusu amepanda mpaka baridi ya Ulaya bila pasipoti.

Hiyo ndiyo sababu wenye kamio za zamani wanasema kioo cha mbele kinashinda kabuti mbili. Kinachozuia upepo kinakuja kwanza. Kwa shofere wa GMC maana yake ni hii: usilaze kioo cha mbele ili kupigwa picha nzuri, halafu ukaenda safari ya saa tatu. Funga pazia la upande upepo unakotoka. Weka kitambaa kizito kutoka kiunoni mpaka magotini, kama aproni ya mtu wa kuchomea vyuma, sababu upepo unaoingia chini ya volani unapiga tumbo na mapaja, na mtu hauoni kwa kuwa anafikiria uso tu.

Mavazi yapangwe vivyo hivyo. Karibu na ngozi, nguo kavu. Katikati, kitu chenye kushika hewa: sufu ni bora, maana hata ikilowa kidogo bado inatia joto, lakini pamba ikilowa inageuka adui. Juu kabisa, nguo isiyopitisha upepo. Kama huna koti la namna hiyo, tandaza magazeti mawili kifuani chini ya kabuti. Waendesha baiskeli wa mashindano wanafanya hivyo tangu zamani, wala hawaoni haya. (Gazeti hili pia litafaa, ukimaliza kulisoma.) Funga shingo. Vaa glavu, maana vidole vilivyokufa ganzi havisikii volani wala breki.

Mashofere wa jangwani walijua haya mapema. Kikosi cha Waingereza kilichoanzishwa Misri mwaka 1940 na Ralph Bagnold, kiitwacho Long Range Desert Group, kilipita mchanga wa Libya katika kamio za Chevrolet zilizoondolewa paa na milango. Mchana jua liliwachoma, usiku baridi iliwatetemesha. Walivaa kilemba cha Waarabu, kinachofunika kichwa, shingo na mdomo, na usiku makoti ya ngozi ya kondoo. Angalia: kitambaa kimoja kinazuia jua, vumbi na upepo. Wewe unayefanya kazi wazi katika Oktoba, mwezi wetu wa joto, kumbuka kwamba paa la turubai ni kwa ajili ya jua pia. Shofere asiye na kivuli anapoteza maji mengi kuliko anavyodhani, kwa sababu upepo unamkausha jasho kabla hajaliona. Anywe maji kabla ya kiu.

MAJI YANAPOINGIA

Mtu aliyelowa anapoteza joto haraka mara nyingi kuliko mtu mkavu. Ndiyo maana mvua ya digri 12 inaweza kumwangusha mtu ambaye digri 5 kavu haikumfanya neno. Sasa tazama turubai lenyewe, sababu wengi wanalilaumu bure.

Turubai la zamani ni pamba nzito iliyofumwa kwa nguvu. Likipata maji, nyuzi zake zinavimba na kuziba vitundu. Kwa hiyo turubai jipya la pamba linavuja kidogo mara ya kwanza. Mwenye kujua analilowesha, analiacha likauke, analilowesha tena, kabla ya safari. Kisha kuna sheria ambayo kila aliyelala katika hema anaijua: mvua ikinyesha, usiguse turubai kwa ndani. Pale kidole, kofia au kichwa kinapogusa, maji yanapata njia na hayataacha kudondoka. Kwa hiyo vyuma vinavyolishika paa viwe juu ya kofia ya mtu mrefu kuliko wote, na turubai livutwe sawasawa. Likilegea katikati, linakuwa bakuli. Bakuli likijaa, gari ikifunga breki, lita zote zinamwagika shingoni mwa shofere katika kona mbaya. Lakini kamba za katani au pamba nazo zinajikaza zikilowa, basi ziache na nafasi ndogo, la sivyo zitang'oa vishikizo.

Usifue turubai kwa sabuni ya unga. Sabuni inaondoa dawa inayofukuza maji, na kesho litakunywa mvua kama sifongo. Maji matupu na brashi laini vinatosha. Na usilikunje likiwa na unyevu, hata kama umechoka, maana litaota ukungu na kuoza kwenye mikunjo.

Hapa kuna jambo litakalowafurahisha wachimbaji wa shaba. Adui mkubwa wa turubai katika nchi za joto ni ukungu, na wakati wa vita ile dawa moja iliyotumika sana kuuzuia ilitengenezwa kwa shaba: naftenati ya shaba, yenye rangi ya kijani. Ingali inatumika kwa turubai, kamba na mbao. Wakati ule Waingereza walinunua shaba nyingi sana ya Katanga. Kama kidogo chake kiliingia katika dawa ya turubai, hakuna aliyeandika. Ila dawa hiyo inawasha ngozi na macho. Ipakwe nje penye hewa, kwa glavu, mbali na chakula na watoto.

Dawa nyingine watu wanayotengeneza wenyewe ni nta ya mishumaa iliyoyeyushwa katika esansi. HAPANA. Usiifanye, wala usimruhusu jirani. Tarehe 6 Julai 1944, katika mji wa Hartford huko Marekani, hema kubwa la sarakasi lililokuwa limepakwa nta iliyochanganywa na esansi lilishika moto watu wakiwa ndani. Zaidi ya watu 160 walikufa, wengi wao akina mama na watoto. Turubai la namna ile juu ya kichwa cha shofere anayevuta sigara, na tangi la esansi karibu ya kiti, ni utambi uliotayarishwa. Dawa za kununua zilizotengenezwa kwa turubai zipo. Kama fedha hazipo, afadhali turubai linalovuja kuliko linalowaka.

Maji yakishafika miguuni, habari inabadilika. Katika vita ya 1914 mpaka 1918 waganga walipa jina ugonjwa wa mguu wa handaki, kwa kuwa askari waliokaa katika mahandaki yenye maji waliupata. Haungoji barafu. Mguu uliolowa siku nzima ndani ya buti iliyobana unaweza kuharibika hata kwenye digri 10 au 15. Kwanza unakufa ganzi, unakuwa mweupe au kijivu, kisha ukipata joto unavimba, unakuwa mwekundu na unauma kama moto. Katika baridi ya 1944 na 1945 majeshi yaliwaamuru askari wabadilishe soksi kila siku. Amri ndogo, lakini ilihifadhi miguu mingi. Ninyi mnaofanya kazi kwenye maji chini ya ardhi mnanielewa. Soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki ni chombo cha kazi sawa na taa. Mama, ukimfungia mume wako bukari, mfungie na soksi.

Mtu akiletwa kwako akitetemeka sana, akisema maneno ya mlevi bila kunywa, vidole vyake havifungi hata kifungo cha shati, joto la mwili wake linashuka. Likifika chini ya digri 35 ni hatari. Na siku akiacha kutetemeka huku bado baridi, usifurahi, amezidiwa. Mvue nguo za maji, mkaushe, mfunike kichwa na mwili kwa blanketi kavu, mpe chai tamu kama anaweza kumeza vizuri. Usimsugue. Usiweke miguu yake kwenye mbabula, maana haisikii na itaungua. Na lutuku usimpe hata tone. Pombe inafungua mishipa ya ngozi; mtu anasikia joto dakika chache, kumbe joto la tumboni ndilo linatoka nje.

Neno moja juu ya macho, kisha tuende kwenye jambo kubwa. Gari nyingi za siku zile zina vifutio vya kioo vinavyoendeshwa na mvuto wa pumzi ya motere. Ukikanyaga esansi kupanda mlima, mvuto unapungua na vifutio vinapunguza mwendo au kusimama, yaani mvua inakuzibia kioo pale pale unapohitaji kuona. Jeep ya Willys ya wakati huo ilikuwa na kishikio cha kufuta kioo kwa mkono. Shofere mwenye akili hupunguza mguu kidogo, anaacha kioo kifutwe, ndipo anaongeza tena. Na madirisha ya plastiki ya mapazia yakishakuwa ya njano na kukwaruzika, taa za gari ijayo zinatawanyika ndani yake usiku na huoni kitu. Yabadilishwe. Yakiwa na vumbi yafutwe kwa maji, si kwa kitambaa kikavu, na yakiwa ya baridi yasikunjwe, yatapasuka.

MOSHI USIOONEKANA

Sasa shofere wetu amejifunza yote. Amefunga paa, amefunga mapazia mawili, ameziba kila tundu kwa vitambaa. Hakuna upepo, hakuna mvua, joto la motere linapanda miguuni taratibu. Anasema: leo nimewashinda. Ni hapo ndipo anaweza kufa.

Motere ya esansi ya zamani inatoa gesi nyingi iitwayo monoksidi ya kaboni. Gari mpya zina chombo katika bomba la moshi cha kuipunguza. GMC ya 1943 haina. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta, inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Damu inabeba gesi badala ya hewa safi, na ubongo na moyo vinakosa chakula chao. Mtu anasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mikono mizito. Kisha usingizi. Wengi wanadhani ni uchovu wa safari, wanasimamisha gari kando ya barabara, wanaacha motere inazunguka ili wapate joto, wanafunga mapazia na kulala. Usingizi huo wengine hawaamki.

Inaingia wapi? Kwanza pale bomba la moshi linapofungwa kwenye motere, kama pedi imeungua au pameota ufa. Pili, katika matundu ya sakafu zinakopita pedali. Gari ya miaka themanini imekula kutu, na bati la sakafu ni la kwanza kutoboka. Tatu, kwa nyuma. Hili wengi hawalijui. Kamio yenye turubai, mbele ikiwa imefungwa na nyuma imefunguliwa, ikienda mbio inaacha hewa nyepesi mgongoni mwake, na hewa hiyo inavuta moshi wa bomba kuuingiza ndani. Watu walioketi nyuma chini ya turubai wanavuta moshi safari nzima, huku shofere mbele hana habari. Kama unabeba watu chini ya turubai, hewa iingie mbele na kupita. Pazia la nyuma lisiwe peke yake lililo wazi.

Basi tunafanya nini? Tunachagua kulowa? Sivyo. Unaziba upepo unakotoka, na unaacha tundu upande wa pili, pana kama viganja viwili, daima, hata mvua ikinyesha. Utapata matone machache. Hayo matone ni bei ya uhai, na tena kioo hakitaingia ukungu kwa ndani. Ziba sakafu, weka mpira kuzunguka pedali. Bomba lote lipimwe na fundi kabla ya wakati wa baridi: motere ikiwa bado baridi aiwashe, mwenzake azibe ncha ya bomba kidogo kwa tambara nene lililolowa, akivaa glavu, na wasikilize panapotoa sauti ya pumzi. Mahali panapopumua ndipo panapovuja. Kazi hiyo ifanyike nje, si ndani ya gereji. Siku hizi kuna pia chombo kidogo cha betri kinacholia kikisikia gesi hiyo. Wenye kamio za zamani wengi wanakifunga karibu na kiti, na nafikiri kila anayelala ndani ya gari angepaswa kuwa nacho. Wala usipashe moto kwa motere inayozunguka gari ikiwa imesimama na kufungwa. Shuka, tembea, piga mikono.

Kwa nini ninalisisitiza hili katika gazeti la wachimbaji, ambao wengi hawatapanda GMC maisha yao yote? Kwa sababu, ndugu, chumba chako cha kulala katika Julai ndiyo kamio ile iliyofungwa mapazia.

Mama anaona watoto wanatetemeka. Anapika bukari nje juu ya mbabula, makala yanabaki mekundu, mazuri, hayana moshi hata kidogo. Anayaingiza chumbani, anafunga mlango, anaweka kitambaa chini ya mlango ili upepo usipite, anaziba dirisha. Ni upendo mtupu. Lakini makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo hasa yanayotoa gesi ile ya bomba la gari. Kila mwaka majira haya, dispensarini, tunapokea watu wa nyumba moja wote wanaumwa kichwa na kutapika alfajiri, na jambo la kwanza wanalosema ni chakula cha jana, au jirani mwenye wivu. Mimi nauliza: mbabula ililala wapi?

Alama ya kukumbuka ni hiyo: watu wote wa chumba kimoja au gari moja wanaumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanasikia nafuu. Malaria haifanyi hivyo. Mama mwenye mimba awe mwangalifu kupita wote, maana mtoto aliye tumboni anaumia kabla ya mama yake kusikia vibaya. Mbabula ipashe chumba mlango ukiwa wazi, kisha itoke nje kabla ya mtu kulala, makala yakiwa bado mekundu au yamekuwa majivu, ni mamoja. Blanketi ya pili, watoto wawili kitanda kimoja, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaani: hivyo havimwui mtu.

Ukimkuta mtu ameanguka, katika gari au katika nyumba, usikimbilie ndani na kubaki unamtikisa. Vuta pumzi nje, fungua kila kinachofunguka, zima motere au toa mbabula, mburute mpaka hewa safi. Kama anapumua, mlaze ubavu. Kama hapumui, mpulizie hewa mdomoni kama tulivyoonyeshana katika mafundisho ya msaada wa kwanza, na mwingine aite gari la wagonjwa. Maziwa si dawa yake, mafuta ya ngazi wala. Mtu asiye na fahamu ukimnywesha utamziba pumzi. Dawa yake ni oksijeni, na oksijeni iko hospitalini. Hata akiamka na kusema amepona, mleteni, sababu damu inahitaji saa nyingi kujisafisha, na moyo wake utaangaliwa. Mkija, semeni wazi ilikuwa gari au ilikuwa mbabula, na watu wangapi walikuwa ndani, ili tujue kama yuko mwingine aliyebaki amelala nyumbani.